Amehama, Hakuacha Anwani

Julai, na lami ya Mtaa wa Wharton imelainika kama halua.
Saa nne asubuhi barakoa yangu imeshalowa,
nainusa kahawa ya alfajiri kwa mara ya pili.
Mfukoni bili, bili, kuponi za piza,
na zile hundi za serikali zenye kidirisha cha plastiki
ambazo watu huzitambua kwa mbali
kama unavyotambua mwendo wa ndugu yako.

Usiku Filadelfia hailali. Fataki,
hakuna ajuaye nani anazilipua wala kwa sherehe gani,
na juu yake helikopta inasaga giza
tangu umati ulipofurika barabara kuu
na jina la marehemu kwenye vipande vya boksi.
Binti yangu Keziah alikwenda.
Alirudi macho mekundu, akasema ni moshi.
Nilimmiminia maziwa usoni juu ya sinki,
sikumwuliza kitu,
na alipolala niliziosha raba zake.

Kukicha tunafagia makaratasi ya baruti
na kuanza upya kuogopa vitu vidogo:
kitasa, kalamu ya benki, kikohozi cha ukuta wa pili.

Namba ishirini na moja, Bi Huệ
amepanda mchaichai kwenye ndoo za rangi.
Mapazia yake ya sebuleni ameyashona barakoa;
nusu ya mtaa tumevaa madirisha yake.
Yake yako wazi, na jioni
unamwona anakula peke yake, wima, mbele ya televisheni.
Namba ishirini na sita, wana wa Xóchitl wako ngazini,
kompyuta ya shule magotini,
wanadokoa intaneti ya kinyozi aliyefunga tangu Machi.
Mdogo ananiuliza kama virusi vinapanda kwenye stempu.
Nasema sijui.
Mwaka huu nimelizoea neno hilo kuliko salamu.

Halafu namba thelathini na tatu. Mzee Pellegrino,
kiti nyuma ya wavu wa mlango, redio mapajani.
Mpira unachezwa uwanja mtupu;
wamekata picha za watu, wamezipanga vitini.
“Mashabiki wazuri,” anasema, “hawakohoi.”
Tunacheka, yeye ndani, mimi nje, hatua sita katikati.
Mkewe Ermelinda alizikwa Aprili,
kuzikwa kwa kuangaliwa kwenye simu,
na simu ilizimika kabla ya udongo.

Lakini barua zake zinaendelea kuja.
Duka la viatu linamtakia heri ya kuzaliwa.
Hospitali inamwuliza ameridhika kiasi gani,
moja hadi tano.
Leo ni daktari wa macho: miwani iko tayari.
Mzee anaishika bahasha kwa ncha za vidole,
anaipeleka kwenye mwanga, anairudisha.
“Nyinyi mna mihuri,” anasema. “Ipo ipi?”

Namsomea kupitia wavu.
*Hajulikani.*
“Hapana. Miaka hamsini na mbili!”
*Amefariki.*
Kimya. Redioni kanda ya makofi inapiga makofi.
*Amehama, hakuacha anwani.*

“Hiyo,” anasema. “Piga hiyo.”

Kanuni naijua, nimeibeba miaka kumi na tisa.
Nikaukandamiza muhuri juu ya ngazi ya marumaru
ambayo Ermelinda aliisugua kila Jumamosi
mpaka ikaingia shimo katikati kama kijiko.
Wino ulitoka hafifu, nikarudia.

“Ile miwani,” aliniita nikiwa nimeshafika kwa jirani,
“unadhani wataniruhusu kuichukua?”
Nikasema sijui.
Nikasema nitapita kuuliza.
Zilikuwa zimebaki nyumba arobaini,
mbwa wa kona alikuwa ameshanisikia,
na maji ya bomba la zimamoto, lililofunguliwa na watoto,
yalikuwa yakinijia mtaani, yamebeba mabua ya fataki,
nami nikayakanyaga makusudi, na viatu vyangu.